Mkanda Ulitangulia Piano

Mwishoni mwa Februari 2016, mpiga hapsikodi Mahan Esfahani, mzaliwa wa Tehran, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Philharmonie mjini Cologne, Ujerumani, kupiga Piano Phase ya Mmarekani Steve Reich. Kazi hiyo imeandikwa kwa wapigaji wawili, naye alikuwa peke yake: sehemu ya pili ilikuwa imerekodiwa na ilitoka kwenye spika. Alipokuwa akiieleza kwa Kiingereza, alipigiwa kelele aongee Kijerumani. Alipoanza kupiga, hazikupita dakika nyingi ukumbi ukajaa vicheko, miluzi na makofi ya kejeli, na watu wakaanza kutoka. Akakatisha.

Kisa hicho kilizua mjadala mkubwa kuhusu adabu na ubaguzi, na ulistahili. Lakini mbali na wazomeaji ipo dhana nyingine, tulivu na yenye heshima zaidi, inayoshikiliwa na watu wanaoupenda muziki huu kwa dhati. Wanasema hivi: kazi ya piano ya mkondo wa minimalizimu, wenye noti chache, marudio mengi na mabadiliko ya polepole, nguvu yake yote iko katika uchache. Ala moja, rangi moja ya sauti, hakuna pa kujificha. Anayekuja na sinthesaiza, selo na kompyuta ili "kuifikiria upya" anapaka rangi ukuta ambao uzuri wake ulikuwa jiwe tupu. Aiache. Akitaka ala nyingi, atunge yake.

Ni hoja inayovutia, na ndiyo maana imeenea kutoka kwa wahakiki hadi kwa walimu wa piano na wanunuzi wa albamu. Tatizo lake ni kwamba inadai kulinda asili ambayo haikuwahi kuwapo.

Reich hakuanzia kwenye piano. Mwaka 1964, katika uwanja wa Union Square mjini San Francisco, alimrekodi mhubiri wa mitaani aliyejulikana kama Brother Walter, akihubiri habari za Nuhu na gharika. Baadaye alikata vipande vya mkanda ule, akaviunga ncha kwa ncha vikawa vitanzi, akaviweka kwenye mashine mbili za kunasa sauti zilizokuwa za bei nafuu. Alitaka ziende kwa mpangilio aliokuwa ameupanga. Hazikwenda. Moja ilianza kuitangulia nyingine kidogo kidogo, na maneno yaleyale ya mhubiri yakaachana, yakafuatana kama mwangwi, yakavurugika, kisha yakarudi kukutana. Reich alivaa vifaa vya masikioni akasikiliza kosa hilo la mitambo, akaona lina thamani kuliko mpango wake. Hapo ndipo ilipotoka It's Gonna Rain ya 1965.

Mwishoni mwa 1966 akataka kujua kama binadamu anaweza kufanya kilichofanywa na mashine. Alirekodi kifungu kifupi cha piano, akakifanya kitanzi, akaketi kwenye piano na kuanza kupiga sambamba na mkanda wake mwenyewe, akijaribu kuutangulia taratibu bila kuruka. Akaweza. Ndipo akamshirikisha rafiki yake Arthur Murphy, na mwanzoni mwa 1967 wawili hao wakaipiga kazi hiyo kwa piano mbili katika chuo kimoja cha New Jersey. Machi mwaka huohuo, kwenye jumba la sanaa la Park Place mjini New York, ilipigwa kwa toleo la piano nne za umeme.

Kwa hiyo mpigaji mmoja, ala moja na mkanda, yaani kile walichokisikia watu wa Cologne, kilikuwapo kabla ya piano mbili. Esfahani hakuongeza mtambo kwenye kazi safi. Aliirudisha kwenye chumba ilimozaliwa.

Watetezi wa usafi wana jibu, na si jibu dogo. Sawa, wanasema, Reich alianza na mkanda. Lakini aliuacha, tena kwa kusudi, kwa sababu alitaka wanadamu wapumuao. Ni kweli alitaka. Lakini si kweli kwamba aliuacha. Violin Phase ya mwaka uleule wa 1967 inaruhusu fidla moja na mkanda. Vermont Counterpoint ya 1982 inampa mpiga filimbi jeshi la filimbi zilizorekodiwa. Electric Counterpoint ya 1987 ni gitaa la Pat Metheny dhidi ya magitaa yake mwenyewe. Different Trains ya 1988 imejengwa juu ya sauti za watu zilizonaswa na kukatwakatwa. Tena mwaka 2013 kikundi cha London Sinfonietta kilipozindua Radio Rewrite, ilikuwa ni Reich mwenyewe akichukua nyimbo mbili za bendi ya Radiohead na kuzifikiria upya. Ni vigumu kumlinda mzee kama huyo dhidi ya jambo analolifanya kwa mikono yake.

Na si Reich peke yake miongoni mwa watunzi wa mkondo huu. Terry Riley, kabla ya In C ya 1964, alikuwa Paris mwaka 1963 akicheza na mashine mbili za mkanda zilizoizungusha tarumbeta ya mwanajazi Chet Baker mpaka ikawa umati. Philip Glass miaka yake ya mwanzo hakuzungukwa na piano za ukumbini. Kikundi chake kilipiga ogani za umeme za Farfisa na saksafoni zilizopitishwa kwenye vikuza sauti, na fundi wa sauti Kurt Munkacsi alihesabiwa kuwa mwanakikundi. Mad Rush, ambayo leo wapiga piano wanaipiga kama sala, ilianza mwaka 1979 kama kazi ya ogani katika kanisa kuu la St. John the Divine, New York, katika hafla ya kumpokea Dalai Lama. Yaani hata "piano tupu" tunayoambiwa tuihifadhi ni uhamisho tayari. Hakuna aliyelia ilipohama kutoka ogani kwenda piano. Kilio huanza pale inapotaka kutoka piano kwenda kwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Uholanzi. Mtunzi Simeon ten Holt aliandika Canto Ostinato miaka ya 1970, na huko kwao imekuwa kitu ambacho ni kazi chache za kisasa zimewahi kuwa: kipenzi cha watu. Kuna matamasha ambamo wasikilizaji hulala chali kwenye magodoro sakafuni, wapiga piano wakiwa katikati yao, kwa saa mbili na zaidi. Kazi ina vipande vidogo 106, na mapigo yake yanakwenda kwa matano matano, mkono wa kushoto ukisukuma bila kuchoka. Idadi ya marudio ya kila kipande huamuliwa na wapigaji wenyewe palepale, kwa kutazamana na kusikilizana. Ufikapo kipande cha 74, baada ya mawimbi ya muda mrefu, wimbo unatokeza waziwazi, na ukumbi mzima hushusha pumzi.

Wapenzi wengi wa Canto wataapa kwamba ni kazi ya piano nne. Na ilipigwaje mara ya kwanza, tarehe 25 Aprili 1979, kwenye kanisa la magofu la Bergen, mji wa mtunzi? Kwa piano tatu na ogani ya elektroniki. Ten Holt hakuwa mgeni wa mitambo. Alikuwa amefanya kazi katika taasisi ya sonolojia ya Utrecht, mahali pa nyaya na vizalisha sauti. Basi mpiga kinubi Gwyneth Wentink alipoipiga kwa kinubi kimoja, akisaidiwa na elektroniki za Wouter Snoei na picha za Arnout Hulskamp, alikuwa anaingia kwenye mlango uliokwisha kuachwa wazi na mwenye nyumba.

Historia peke yake, hata hivyo, haimalizi mabishano. Mtu anaweza kukubali yote hayo kisha akauliza: sikio linapata nini? Hapa ndipo watetezi wa piano wana hoja yao bora kabisa, nayo inastahili kupewa nafasi.

Chukua ukurasa wa kwanza wa Piano Phase. Kifungu ni cha noti 12, lakini zimetokana na sauti tano tu tofauti. Wapigaji wawili wanakianza pamoja, sauti moja. Mmoja anabaki palepale kama saa. Wa pili anaongeza mwendo kwa kiasi kidogo mno, mpaka awe noti moja mbele, hapo anatulia na kushikilia. Kisha anasogea tena. Hatua 12 zikitimia wamerudi pamoja. Katikati ya safari hiyo sikio linaanza kusikia nyimbo fupi ambazo hakuna kati yao anayezipiga: noti za huyu na za yule zinaungana kwa urefu wa sauti, za juu na za juu, za chini na za chini, na kutengeneza kitu cha tatu hewani.

Kitu hicho cha tatu hutokea kwa sababu rangi ya sauti ni moja. Mpe mmoja piano na mwingine tarumbeta, na sikio litawatenganisha mara moja. Kila mmoja atasikika na lake, na muujiza utakufa. Kwa hiyo mhakiki anayesema kwamba kuchanganya ala ovyo kunaiua Piano Phase yuko sahihi. Kosa lake ni kudhani amethibitisha ulazima wa piano. Alichokithibitisha ni ulazima wa mfanano. Marimba mbili zinatosha, na kazi hiyo imechapishwa kwa piano mbili au marimba mbili. Mwaka 1986 Reich pia aliigeuza Six Pianos ya 1973 kuwa Six Marimbas. Hapsikodi na rekodi ya hapsikodi vinatosha vilevile, pengine kupita piano mbili zilizotoka viwanda viwili tofauti.

Anayetaka ushahidi wa zamani kuliko Reich aende Kampala. Amadinda ya Buganda ina mbao 12, na wapigaji wawili huketi wakitazamana, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Wa kwanza hupiga mfululizo wake wa noti zinazolingana. Wa pili huchomeka zake katikati ya nafasi za mwenzake. Wa tatu ana mbao mbili tu za juu kabisa. Kazi yake ni kuusikiliza wimbo unaojitokeza kwenye sauti mbili za chini, ule ambao umegawanywa kati ya wenzake bila yeyote kuumiliki, na kuurudia juu ili msikilizaji naye aupate. Mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria alijifunza haya kuanzia 1959 kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, akayaandika mwaka uliofuata. Maandishi ya Kubik ni miongoni mwa yaliyomsaidia mtunzi György Ligeti baadaye, alipoandika mazoezi yake ya piano kuanzia 1985. Reich naye alikuwa amesoma kitabu cha mtafiti A. M. Jones kuhusu muziki wa Afrika kabla hajaenda Ghana mwaka 1970.

La kuzingatia kwa mabishano haya ni kwamba nyimbo za ikulu ya Buganda hazikufungwa kwenye ala moja. Wimbo uleule ulipigwa kwa kinubi cha ennanga, kwa amadinda, na kwa ngoma za entenga zilizopangwa kwa sauti. Kila ala ilikuwa na jinsi yake ya kuubeba. Mwaka 1966 jeshi la Obote, kiongozi wa Uganda, lilipoivamia ikulu ya Mengo na vikundi vya wapigaji kutawanyika, nyimbo zilizokuwa zimezoea kuhama ndizo zilizokuwa na pa kwenda.

In C ya Riley ina sheria tofauti kabisa, na hapo rangi nyingi si dhambi bali ni haja. Ni vifungu 53 vifupi. Kila mpigaji anakirudia kila kimoja kadiri apendavyo kabla ya kusonga mbele, huku piano ikigonga do mbili za juu bila kukoma, wazo lililotolewa na Reich wakati wa mazoezi ya onyesho la kwanza. Ukipiga In C kwa piano kumi utapata ukungu. Ukiipiga kwa ala zinazotofautiana, sikio linaweza kumfuata mmoja, kumwacha, kumdaka mwingine. Ndiyo maana toleo la kikundi cha Africa Express lililorekodiwa Bamako mwaka 2013, likiongozwa na André de Ridder, lenye kora, balafoni na kamelengoni pamoja na wageni kama Brian Eno na Damon Albarn, linasikika si kama nakala yenye manukato ya Kiafrika bali kama mahali ambapo vifungu vile vimepata miili. Sauti za nyuzi za kora hufifia, balafoni hubaki na mchakacho wake, na kila marudio yana uso wake.

Basi ipo sheria ya ndani katika kila kazi, na sheria hiyo si piano. Anayeifikiria upya ana wajibu mmoja wa kuijua kabla hajagusa kitufe chochote. Na hapa lazima isemwe wazi, maana wanaotetea matoleo mapya nao hujifanya hawaoni: matoleo mengi ni mabaya. Albamu ya Reich Remixed ya 1999 ina nyakati zake nzuri, ila baadhi ya rimiksi zake zilichukua kifungu cha Reich na kukigeuza shanga ya kuning'iniza juu ya ngoma ya klabu. Ngoma ile ya "du, du, du, du" inamwambia msikilizaji pigo la kwanza liko wapi, wakati Piano Phase inaishi kwa kumnyima jibu hilo. Kadhalika mwangwi mzito: ukiimwagia kazi ya kuachana noti kwa noti mwangwi wa sekunde nne, hatua zote 12 zinakuwa bahari moja. Na kompyuta ikinyoosha kila noti ikae barabara kwenye mstari, ule mvutano wa mwanadamu anayejaribu kwenda haraka kidogo tu, asiharakishe mno, unatoweka.

Haya yote ni lawama halali. Lakini zinawahusu walioshindwa kusikiliza. Haziihusu elektroniki. Mpiga piano anayekanyaga pedali muda wote naye huifuta kazi ileile, bila kuchomeka waya wowote.

Kuna jambo la hatari pia, hatari ya mwili. Wapenzi wa piano hupenda kusema kwamba msisimko wa Piano Phase ni kuwaona watu wawili wakitembea juu ya uzi. Vizuri. Mrusi Peter Aidu ameipiga peke yake kwa piano mbili, mkono mmoja kila upande, akageuka shujaa, ingawa kitendo hicho kiko mbali na maandishi ya Reich kuliko mkanda wa Esfahani. Naye anayepiga dhidi ya rekodi yuko kwenye hatari kubwa zaidi: mwenzake hamsikii, hamsubiri, hamsamehe.

Mwaka 2020 mpiga piano Bruce Brubaker na Max Cooper, mwanamuziki wa elektroniki aliyesomea pia biolojia ya kompyuta, walitoa Glassforms, inayotokana na kazi za piano za Philip Glass. Hawakubandika sinthesaiza juu ya piano iliyokwisha kurekodiwa. Ilitengenezwa programu inayopokea ishara kutoka kwenye piano wakati Brubaker anapiga, na kuzigeuza kuwa amri kwa sinthesaiza. Akibonyeza kwa nguvu, mtambo unabadilika. Akichelewa, nao unachelewa. Kuna sehemu ambapo Cooper anajaza mno, na hapo Glass anabaki nyuma ya pazia. Lakini mwanzo wa wazo ni sahihi: mkono wa mpigaji ndio usukani.

Wanaoogopa mambo hayo wangefaa kutazama kinachoipata piano iliyoachwa peke yake. Imegeuzwa usuli. Orodha za kusikiliza mtandaoni zimejaa vipande vya piano tulivu vya kusomea, kulalia na kusubiria chakula, maikrofoni zimesogezwa karibu na nyundo zilizofunikwa kitambaa, mwangwi umeongezwa studio. Kila kitu humo ni elektroniki, isipokuwa haikubali kuitwa hivyo. Glass mwenyewe hakuona haya: albamu ya Glassworks ya 1982, inayofunguliwa na kipande mashuhuri cha piano, ilichanganywa upya kwa ajili ya kaseti ili isikike vizuri kwenye Walkman.

Mwaka 2023 zilitoka albamu mbili zinazokwenda pande zinazopingana. Erik Hall, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameirekodi Music for 18 Musicians ya Reich peke yake ala baada ya ala, alifanya vivyo hivyo kwa Canto Ostinato: piano kubwa, piano ya umeme na ogani, zote mikono yake, safu juu ya safu. Mapigo yale matano hayapotei hata mara moja, ingawa kuna kinachopotea kweli, nacho ni wapigaji wanne kuamua kwa pamoja lini kipande kigeuke. Brubaker kwa upande wake alitoa Eno Piano, akichukua Music for Airports ya 1978, kazi ya Brian Eno iliyotengenezwa kwa vitanzi vya mkanda, na kuileta kwenye piano, akitumia vifaa vya sumaku vinavyozitikisa nyaya bila nyundo kuzigusa. Anayetaka kuikataa albamu ya Hall kwa sababu imeitoa kazi kwenye ala yake itambidi aikatae na ya Brubaker kwa sababu hiyohiyo, na pamoja nayo Music for Airports ya kikundi cha Bang on a Can ya 1998, na Six Marimbas, na Mad Rush kila inapopigwa kwa piano.